Banda la kuku wakati wa majira ya baridi

Matayarisho ya banda la kuku kwa majira ya baridi ni kazi zinazofanywa na wafugaji wa kuku wa nyumbani katika nchi zenye theluji na barafu, ili kuku wavuke miezi ya baridi wakiwa na afya. Kazi hizo ni za kawaida hasa katika Kanada, kaskazini mwa Marekani na Ulaya ya Kaskazini. Hufanyika wakati wa vuli, yaani kati ya Septemba na Novemba, kabla ardhi haijaganda.

Tofauti na wanavyodhani wafugaji wengi wanaoanza, lengo kuu si kulipasha banda joto. Kuku aliyekomaa mwenye manyoya kamili huhimili baridi kali iwapo ni mkavu, ameshiba na hapigwi na upepo. Kinachomdhuru zaidi ni unyevu unaonaswa ndani ya banda lililozibwa kila upande. Kwa sababu hiyo banda zuri la majira ya baridi lina mambo mawili kwa pamoja: hewa inayozunguka juu ya vichwa vya kuku, na utulivu pale wanapolala.

Mwili wa kuku na baridi

Joto la mwili wa kuku aliyekomaa ni takriban 41 °C, yaani nyuzi nne hivi zaidi ya joto la binadamu. Joto hilo hulindwa na manyoya. Chini ya manyoya ya nje kuna manyoya laini yanayonasa hewa karibu na ngozi. Kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana, kuku huwa kama amevaa koti. Akihisi baridi hutunisha manyoya ili anase hewa zaidi, ndiyo maana wakati wa baridi kuku huonekana wanene kuliko walivyo. Manyoya yakilowa, au upepo ukiyapenya, hewa hiyo hutoka na kinga hupotea.

Miguu ya kuku wengi haina manyoya, lakini ina njia yake ya kuokoa joto. Mishipa inayopeleka damu yenye joto kwenye vidole hupita karibu na mishipa inayorudisha damu iliyopoa, hivyo sehemu ya joto huhamia kwenye damu inayorudi badala ya kupotea hewani. Kuku pia husimama kwa mguu mmoja na kuuficha mwingine ndani ya manyoya. Usiku huchuchumaa, hufunika vidole kwa manyoya ya tumbo na huingiza kichwa chini ya bawa.

Sehemu zenye kinga ndogo zaidi ni upanga, yaani nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa, na ndevu, yaani nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo. Wakati wa joto sehemu hizo humsaidia kuku kupoza damu. Wakati wa baridi ndizo zinazoganda kwanza, pamoja na vidole.

Kuku wa kutaga huwa katika hali nzuri zaidi kwenye joto la 18 °C hadi 24 °C. Chini ya hapo hutumia sehemu kubwa zaidi ya chakula chake kutengeneza joto, lakini haina maana kwamba anaumwa. Vifaranga ni tofauti: mpaka wapate manyoya kamili, kwa kawaida wakiwa na umri wa wiki sita hivi, hawawezi kujilinda wenyewe na baridi.

Unyevu kama hatari kuu

Kuku mmoja wa kutaga hunywa takriban robo lita ya maji kwa siku. Maji hayo hutoka tena kupitia mayai, pumzi na kinyesi, na kinyesi kibichi cha kuku huwa na maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Kundi la kuku sita kwa hiyo huingiza maji mengi katika hewa ya banda kila usiku, ingawa sakafu inaweza kuonekana kavu.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa mfano, mita moja ya ujazo ya hewa yenye 20 °C inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke, lakini kwenye 0 °C hubeba chini ya gramu 5. Hewa iliyopashwa na miili ya kuku inapogusa ukuta au paa la baridi, mvuke hugeuka matone na kisha barafu. Matone hayo hudondoka juu ya kuku na matandazo. Upanga wenye unyevu huganda haraka kuliko upanga mkavu kwenye baridi ileile.

Unyevu huleta pia gesi ya amonia, inayotokana na kuoza kwa kinyesi. Amonia huwasha macho na kudhoofisha njia ya hewa, na kuku aliyedhoofika hivyo hupata magonjwa ya mapafu kwa urahisi. Kipimo rahisi ni pua: mtu akichuchumaa asubuhi hadi usawa wa kuku na kusikia harufu kali inayochoma, hewa ya banda hilo tayari ni chafu. Alama nyingine ni barafu au matone kwenye upande wa ndani wa madirisha.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji wengi wa Amerika Kaskazini walijenga mabanda yaliyofungwa sana kwa majira ya baridi, mengine yakiwa na majiko ndani. Magonjwa ya njia ya hewa yalisumbua makundi mengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya wafugaji walianza kujenga mabanda ya "hewa safi". Mabanda hayo yalikuwa na kuta kamili pande tatu, na upande wa nne, unaotazama kusini, ulifungwa kwa wavu wa chuma peke yake. Banda lilikuwa refu kwenda nyuma, na kuku walilala mwisho kabisa ambako upepo haukufika. Mmoja wa watetezi wa ujenzi huo alikuwa Mmarekani Prince T. Woods, aliyeandika kitabu juu ya mabanda hayo kilichotolewa mwaka 1924. Si kila mfugaji wa leo anajenga hivyo, lakini wazo la kwamba kuku huhitaji hewa safi kuliko joto limebaki.

Matundu ya hewa

Matundu ya hewa huwekwa juu ukutani, chini kidogo ya paa, juu ya vichwa vya kuku waliokwisha kupanda kulala. Hewa yenye joto na mvuke hupanda yenyewe na kutoka hapo bila kuwapuliza kuku. Matundu yakiwa pande mbili zinazotazamana, au yakiwa na tundu jingine kwenye kilele cha paa, hewa huzunguka vizuri zaidi. Matundu hayo hubaki wazi usiku na mchana, hata katika siku za baridi kali zaidi. Yakielekea upande wa dhoruba, huwekewa kibao cha mteremko ili theluji isiingie.

Nyufa zilizo chini, kwa usawa wa kuku, huzibwa. Njia moja ya kuzitafuta ni kuingia bandani siku ya upepo na kushika utepe mwepesi au karatasi nyembamba pale kuku wanapolala. Ukitikisika, kuna upepo unaopenya na nafasi unamotokea huzibwa kwa mbao.

Kosa la kawaida ni kulifunika banda lote kwa karatasi ya plastiki au turubai. Siku za kwanza banda huwa na joto kidogo, lakini baada ya muda kuta hulowa na kuku huanza kuonyesha alama nyeusi kwenye upanga. Wapo wafugaji wanaodhani hapo kwamba baridi imezidi, nao huziba zaidi, na hali huwa mbaya zaidi.

Kuta na paa zinaweza kuwekewa vifaa vya kuhami joto. Vifaa hivyo husaidia pia kupunguza matone, kwa kuwa uso wa ndani wa ukuta haupoi sana. Hufunikwa kwa mbao, kwa sababu kuku huvidonoa na kuvila, na panya hupenda kujificha ndani yake. Haviondoi haja ya matundu ya hewa.

Sakafu na matandazo

Kabla ya baridi kuanza, banda husafishwa, hukaushwa na kuwekewa matandazo mapya. Maranda makavu ya mbao za msonobari hutumiwa sana kwa sababu hunyonya unyevu na kukauka upesi. Majani makavu ya ngano au shayiri huhifadhi joto vizuri, lakini yakilowa hushikamana na kuota ukungu.

Wafugaji wengi hutumia mtindo wa matandazo mazito. Huanza na tabaka la sentimita 15 hivi, kisha huongeza maranda mapya kila yanapopungua au kuchafuka, mpaka kufikia sentimita 30 mwishoni mwa majira. Vijidudu huozesha kinyesi pamoja na maranda, na kazi hiyo hutoa joto kidogo. Matandazo hugeuzwa kwa reki, na kuku wenyewe husaidia wakichakura punje walizomwagiwa. Wakati wa kuchipua yote hutolewa na kulundikwa yaoze kabisa, kisha hutumiwa kama mbolea ya bustani.

Mtindo huo hufaa tu pale matandazo yanapobaki makavu. Wengine huchagua kuweka ubao chini ya vitulio na kukwangua kinyesi kila asubuhi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinyesi huanguka usiku. Kinyesi kilichoganda hukwanguka kwa urahisi, na kwa njia hiyo maji mengi hutolewa bandani kabla ya kugeuka mvuke.

Kuhusu nafasi, kanuni inayotumika sana kwa kuku wa nyumbani ni takriban mita ya mraba 0.4 kwa kila kuku ndani ya banda na karibu mita moja ya mraba katika uwanja wao wa nje. Wakati wa theluji kuku hushinda ndani zaidi, na wakibanana huanza kudonoana. Hata hivyo, banda kubwa mno kwa kuku wachache haliwezi kupata joto lolote kutoka kwenye miili yao: kuku mmoja hutoa joto la takriban wati 10 tu.

Vitulio

Kuku hulala juu ya vitulio, yaani fito au mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni. Kwa majira ya baridi ubao wenye upana wa sentimita 9 hadi 10, uliolazwa upande wake mpana na kulainishwa kingo, hufaa kuliko fito nyembamba. Kuku akikalia ubao huo vidole vyake hulala wazi na manyoya ya tumbo huvifunika vyote. Mabomba ya chuma hayafai, kwa kuwa huchukua joto la miguu haraka.

Kila kuku hupewa sentimita 20 hadi 30 za kitulio. Usiku wa baridi husogeleana na kupashana joto. Vitulio huwekwa juu ya viota vya kutagia, la sivyo kuku hulala viotani na kuvichafua.

Maji

Maji ndiyo kazi ngumu ya kila siku. Kuku asiyekunywa hali vizuri, na asiyekula hawezi kutengeneza joto. Yai lenyewe ni maji kwa takriban robo tatu, hivyo kuku anayekosa maji hupunguza kutaga au huacha kabisa.

Penye umeme, hutumika vyombo vyenye kipasha joto kidogo kinachozuia maji yasigande, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Pasipo umeme, njia rahisi ni kuwa na vyombo viwili vya mpira mweusi: kimoja kikiganda, huletwa kingine chenye maji ya uvuguvugu, na kilichoganda hupinduliwa na kukanyagwa mpaka barafu itoke. Mpira haupasuki kama plastiki ngumu. Zoezi hilo hurudiwa mara mbili au tatu kwa siku. Kuku hawanywi gizani, kwa hiyo maji yanaweza kuondolewa usiku.

Ni afadhali chombo cha maji kiwekwe nje ya chumba cha kulala, chini ya paa la uwanja, ili maji yanayomwagika yasiongeze unyevu. Chumvi haitiwi katika maji ili kuyazuia yasigande, kwa kuwa ni sumu kwa kuku.

Chakula

Kuku wa kutaga hula takriban gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na wakati wa baridi kiasi hicho huongezeka. Jambo la msingi ni kwamba chakula kamili cha kuku wa mayai kiwepo muda wote wa mchana.

Mwanzoni mwa vuli kuku wengi hunyonyoka manyoya ya zamani na kuotesha mapya. Kwa kuwa manyoya ni protini karibu yote, wafugaji wengi huwapa kipindi hicho chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Kuku asiyemaliza kuota manyoya kabla ya baridi kali huangaliwa kwa makini.

Jioni, kabla ya kuku kupanda kulala, ni desturi kuwapa konzi ya mahindi yaliyoparazwa au nafaka nyingine. Kuku hulala gole likiwa limejaa, na kazi ya kusaga chakula huendelea kutoa joto usiku. Mahindi yakizidi hunenepesha na kupunguza sehemu ya chakula chenye protini. Kwa vile theluji hufunika ardhi na kuku hawawezi kuokota vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi, huwekewa changarawe ndogo katika chombo.

Mwanga na utagaji

Kupungua kwa mayai wakati wa baridi husababishwa zaidi na ufupi wa mchana kuliko baridi yenyewe. Kuku wa kutaga huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage kwa wingi. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Minneapolis, Marekani, hauzidi saa 9, na wa Stockholm, Uswidi, ni takriban saa 6. Kuku wanaoishi karibu na ikweta hawapati badiliko hilo, kwa kuwa mchana wao ni wa saa 12 hivi mwaka mzima.

Wafugaji wanaotaka mayai huweka taa ndogo inayojiwasha yenyewe alfajiri. Taa huongezwa asubuhi badala ya jioni, kwa sababu ikizimika ghafla usiku huwaacha kuku gizani kabla hawajapanda vitulioni. Wengine hawaongezi mwanga wowote, wakiwaacha kuku wapumzike mpaka mchana urefuke tena.

Mayai hukusanywa mara kadhaa kwa siku. Yai likiganda hupanuka na kupasuka ganda, na yai lililopasuka halifai kuhifadhiwa.

Joto la ziada na hatari ya moto

Kutumia kipasha joto ndani ya banda ni jambo linalobishaniwa. Wataalamu wengi wa ufugaji hawalishauri kwa kuku waliokomaa, na sababu kuu ni moto. Taa za joto, nyingi zikiwa za wati 250, huwa na moto mkali. Banda la kuku lina maranda makavu, vumbi, utando wa buibui na ndege wanaoruka. Taa ikiangushwa, au vumbi likilundikana juu yake, banda zima huweza kuteketea kwa dakika chache. Moto huo huua kuku wote kwa kuwa mlango umefungwa usiku, na ukiwa karibu na nyumba huweza kuifikia.

Sababu ya pili ni mazoea. Kuku aliyezoea banda lenye joto hapati nafasi ya kuzoea baridi hatua kwa hatua. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, joto hushuka ghafla na kuku huathirika kuliko wenzao waliokaa bila taa.

Pale joto linapohitajika, kwa mfano kwa kuku mgonjwa au asiye na manyoya, ni salama zaidi kumhamishia ndani ya kibanda cha gari au chumba kisicho na baridi kali. Wanaobaki na kipasha joto bandani hupendelea vibao bapa vya umeme vinavyotoa joto la chini bila balbu. Vibao hivyo hufungwa imara, na nyaya huwekwa pasipofikiwa na kuku na panya.

Uwanja wa nje

Kuku wengi hawapendi kukanyaga theluji, na wasipotoka hujaza banda unyevu. Kwa hiyo uwanja wao hufunikwa juu kwa paa gumu lenye mteremko, au hufyekwa theluji na kumwagiwa majani makavu. Pande zinazopigwa na upepo hukingwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, na upande mmoja huachwa wazi. Wavu uliotandazwa juu bila paa huweza kuanguka kwa uzito wa theluji yenye maji.

Kuku huhitaji pia mahali pa kuoga vumbi. Kabla ardhi haijaganda, mfugaji huweka akiba ya udongo mkavu na mchanga katika sanduku chini ya paa. Wengine huchanganya na majivu ya kuni. Uogaji huo husaidia kupunguza chawa na utitiri, ambao hujificha katika manyoya yaliyotuna na katika nyufa za vitulio.

Wanyama wala kuku na magonjwa

Wakati wa baridi chakula cha porini huwa haba, na wanyama wala nyama husogelea mabanda. Katika Amerika Kaskazini wasumbufu ni mbweha, rakuni na vicheche. Rakuni ana mikono myepesi na hufungua komeo rahisi, hivyo milango huwekewa komeo la hatua mbili. Kila tundu la hewa hufunikwa kwa wavu mgumu wa chuma wenye vitundu vya milimita 12 hivi. Wavu mwembamba wa kawaida wa kuku huzuia kuku wasitoke, lakini haumzuii mnyama mwenye meno makali. Chakula hufungiwa katika debe la chuma ili panya wasikipate.

Majira hayo huambatana pia na safari za ndege wa porini. Bata na mabata bukini wanaohama huweza kubeba virusi vya homa ya mafua ya ndege ya H5N1, ambayo tangu mwaka 2022 imeua au kulazimisha kuuawa kwa mamilioni ya kuku Marekani. Paa juu ya uwanja huzuia kinyesi cha ndege hao kisiwafikie kuku. Katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, serikali huamuru kuku wote wafungiwe ndani kwa muda hatari inapopanda, na amri hiyo huwahusu hata wenye kuku wachache.

Majeraha ya baridi

Sehemu iliyoganda kwanza hupauka na kuwa nyeupe au ya kijivu, kisha huvimba, na baada ya siku kadhaa ncha zake huwa nyeusi. Majogoo wenye upanga mkubwa huathirika zaidi. Kuku huyo huhamishiwa mahali pakavu penye joto la wastani, na sehemu iliyoganda huachwa ipate joto polepole. Haisuguliwi wala kukaushwa kwa mashine ya nywele, kwa kuwa nyama iliyoganda huchanika kwa urahisi. Sehemu nyeusi haikatwi: mara nyingi hukauka na kudondoka yenyewe, nayo hulinda nyama hai iliyo chini yake. Vidole vikiathirika, au jeraha likitoa usaha, huhitajika daktari wa mifugo.

Baadhi ya wafugaji hupaka upanga mafuta mazito ya mgando kabla ya usiku wa baridi. Faida yake inabishaniwa, na haiwezi kuchukua nafasi ya hewa kavu.

Aina za kuku wanaofaa

Aina zinazostahimili baridi huwa na mwili mkubwa, manyoya mengi na upanga mdogo uliolala karibu na kichwa. Wyandotte na Brahma, zote zikiwa na upanga mfupi, hufugwa sana. Chantecler ilizalishwa kwa ajili ya baridi ya Kanada na Bruda Wilfrid Châtelain katika monasteri ya Oka, Quebec, kuanzia mwaka 1908. Upanga na ndevu zake ni ndogo mno. Buckeye ilizalishwa na Nettie Metcalf huko Ohio, Marekani.

Leghorn hutaga sana lakini upanga wake mkubwa huganda upesi. Kuku wa Silkie wana manyoya yasiyoshikana, hivyo hulowa haraka. Kuku wa shingo tupu, wanaojulikana Tanzania kama kishingo, hufaidika katika nchi za joto kwa kuwa na manyoya machache, na kwa sababu hiyohiyo huhitaji uangalizi kwenye baridi.

Nyanda za juu za Afrika Mashariki

Afrika Mashariki haina majira ya baridi yenye theluji nje ya vilele vya milima mirefu. Hata hivyo, kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali katika nyanda za juu, kama vile Njombe, Makete na Kitulo nchini Tanzania, na Kinangop na Limuru nchini Kenya. Baadhi ya sehemu hizo hupata jalidi alfajiri.

Kwa kuku waliokomaa baridi hiyo si tatizo kubwa, na kanuni ya hewa safi ni ileile. Mapazia ya magunia au turubai yanayoning'inizwa kwenye kuta za wavu hufungwa kuanzia chini kwenda juu, na sehemu ya juu huachwa wazi. Maranda na pumba za mpunga hutumika kama matandazo.

Hatari kubwa huko ni kwa vifaranga, ambao katika wiki ya kwanza huhitaji joto la 32 °C hadi 35 °C, likipunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Wafugaji wengi hutumia jiko la mkaa. Chumba kikizibwa kabisa ili kutunza joto, mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua vifaranga na huweza kumuua hata mtu anayelala humo kuwalinda. Kwa hiyo jiko huwashwa nje mpaka mkaa ushike vizuri, huzungushiwa kinga ili vifaranga wasiungue, na tundu la hewa huachwa wazi juu ya ukuta usiku kucha. Mtu hapaswi kulala katika chumba hicho.

Tazama pia

Kuku
Ufugaji wa kuku
Homa ya mafua ya ndege
Jalidi
Mbolea